Shirika lako kwenye misukosuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nadharia ya vurugu na uchangamano

Maswali haya yameokotwa kwenye semina, mengi wakati wa chai, pale mtu anapokusogelea na kikombe mkononi kuuliza alichoona aibu kuuliza mbele ya bosi wake. Wanaouliza ni makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wakuu wa vitengo kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, mameneja wa mashirika madogo ya mtaa wa Area D, wenye shule, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu hapa Dodoma. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Hiyo "vurugu" ni vurugu gani? Ofisini kwetu zipo kila siku na hakuna aliyeziita nadharia.

Siyo hizo. Mtaani vurugu ni mafaili kupotea na watu kupigiana kelele. Mwanahisabati akisema vurugu anamaanisha kitu kinachofuata kanuni zake bila kukosea hata mara moja, na bado huwezi kusema kitakuwaje huko mbele.

Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa katika chuo cha MIT kule Marekani, alikuwa na kompyuta iliyokokotoa mwenendo wa hewa ya kubuni. Siku moja akataka kurudia sehemu ya hesabu. Badala ya kuanza mwanzo, akachukua namba ya katikati kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, 0.506, akaiingiza, akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi baada ya kama saa moja, hewa ya mara ya pili ilikuwa imeachana kabisa na ile ya mara ya kwanza. Mashine ilikuwa nzima. Ila ndani yake ilihifadhi 0.506127, na karatasi, kwa kubana nafasi, ilikuwa imekata tarakimu tatu za mwisho. Tofauti ya kama sehemu moja katika elfu nne ilitosha kuzaa hali ya hewa nyingine kabisa. Aliyachapisha mambo haya mwaka 1963. Yule kipepeo maarufu, ambaye eti akipiga mbawa Brazil anazua kimbunga Texas, alikuja baadaye, mwaka 1972, na alikuja kama swali kwenye kichwa cha mhadhara, si kama dai. Watu wameondoa alama ya kuuliza wakabaki na kipepeo.

Mimi kipepeo hanivutii sana. Kinachonivutia ni ile karatasi. Ripoti yako ya robo mwaka ni karatasi ya Lorenz: imechapwa vizuri, imepangwa vizuri, na imekata tarakimu tatu za mwisho. Tarakimu hizo anazo karani wa mapokezi, dereva na afisa ugani.

Na uchangamano? Si jina jingine la ugumu?

Injini ya trekta ni ngumu. Ina vipande vingi, lakini fundi mzuri ataifungua, atavipanga vipande juu ya turubai, atavirudisha kimoja kimoja, na injini itawaka. Kipande cha chuma hakibadilishi tabia kwa kuwa kimeona kipande mwenzake kimelegea.

Sasa nenda mnadani Msalato Jumamosi. Mfugaji anaangalia mbuzi wangapi wameshuka kwenye malori. Mnunuzi kutoka Dar anaangalia wanunuzi wenzake. Mchoma nyama anaangalia wote wawili, kisha anaamua atachinja wangapi. Bei ya saa nne asubuhi haikupangwa na mtu, na ikishatokea inawafanya wote wabadilike, na kubadilika kwao kunaibadilisha bei ya saa saba. Huwezi kuufungua mnada ukaupanga juu ya turubai. Hicho ndicho kitu changamano: sehemu zake zinaangaliana, zinajifunza na zinabadilika. Taasisi ya Santa Fe, iliyoanzishwa mwaka 1984 katika jimbo la New Mexico, imejijengea jina kwa kuchunguza vitu vya namna hii, kuanzia makundi ya siafu hadi masoko ya hisa.

Shirika lina injini ndani yake na lina mnada ndani yake. Kosa la kila siku ni kumwita fundi wa injini aje kutengeneza mnada.

Una mfano wa hapa kwetu, siyo wa Marekani?

Upo, na ni mtamu. Mzabibu wa Dodoma hausubiri msimu kama mahindi, unasubiri mkasi. Ukipogoa leo, baada ya kama miezi minne unavuna, na kwa hali yetu ya hewa mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Maana yake tarehe ya mavuno, kwa kiasi kikubwa, iko mkononi mwa mwenye shamba.

Simama kwenye shamba siku ya kupogoa. Hakuna aliyempa mwenye shamba amri. Anapima mambo matatu: kibarua amepatikana? Hela ya dawa ya ukungu ipo? Jirani ameanza? La tatu ndilo lenye nguvu. Akisikia mikasi inalia ng'ambo ya ua wa minyaa, naye anaanza, kwa sababu kibarua akimaliza kule atavuka tu ua, na muuza dawa ameshafika kijijini na pikipiki yake. Kila mmoja ameamua kwa akili timamu. Miezi minne baadaye zabibu za kijiji kizima zinaiva wiki moja. Kreti zinapangwa mpaka chini ya mwarobaini mbele ya ofisi ya chama, kiwanda kina matangi yale yale ya mwaka jana, lori linalotegemewa liko njiani tangu jana, na bei inashuka mchana kweupe. Zabibu haina subira: siku ya pili inaanza kuchuruzika kwenye matundu ya kreti, nyuki wanajaa, na ukiinamia unanusa siki.

Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha baada ya mavuno ya namna hiyo. Baada ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na sala, mwenyekiti akaanza kumtafuta aliyeua soko. Walanguzi wakatajwa, kiwanda kikatajwa, katibu naye akatajwa kwa mafumbo. Mama mmoja mwenye ekari moja akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, mwanangu, unamtafuta nani? Si sote tulipogoa wiki ile ya baada ya Pasaka?" Watu wakacheka, halafu ukumbi ukanyamaza.

Wataalamu wanaita jambo hili kuibuka. Tabia ya kijiji kizima imetokana na maamuzi madogo ya mtu mmoja mmoja, na humo ndani hayumo hata mmoja aliyeikusudia. Ukimfukuza katibu, msimu ujao mambo ni yale yale.

Walichofanya kilikuwa kidogo mno kiasi cha kunifanya nidhani hakitasaidia. Wakatundika ubao. Kila anayechukua dawa kwa mkopo kwanza anaandika jina lake chini ya wiki atakayopogoa. Hakuna aliyekatazwa wiki yoyote. Lakini mtu akikuta wiki imejaa majina, mwenyewe anasogea. Msimu uliofuata foleni ya kreti ilipungua. Msimu wa baada ya huo mvua ikachelewa kukata, na nusu ya ubao ikawa haina maana. Sitaki kukuuzia muujiza. Ninachosema ni kwamba hawakubadilisha watu. Walibadilisha kile ambacho mtu alikiona kabla ya kuamua.

Haya si ndiyo "usipoziba ufa utajenga ukuta"? Wazee walishasema.

Nusu walisema. Methali inakuambia kitu kidogo kinaweza kukua. Nadharia inaongeza swali la kuudhi: ufa upi? Nyumba ya tofali za kuchoma Dodoma ina nyufa kumi na mbili, na kumi na moja zitakufa na wewe. Huwezi kujua mapema ule wa kumi na mbili ni upi, na ukijaribu kuziba zote utafilisika kabla ukuta haujaanguka. Kwa hiyo unaweka alama ya penseli kwenye ncha ya kila ufa na kupita kila mwezi kuangalia upi umeivuka. Mafundi wanafanya hivyo. Mameneja hawafanyi.

Kwa nini mabadiliko hukaa kimya miaka na miaka, halafu yanakuja yote kwa mkupuo?

Wewe mkazi wa Dodoma ndiye unayepaswa kunifundisha hili. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitolewa mwaka 1973, na mamlaka ya ustawishaji ikaundwa mwaka huo huo. Miaka 43 ikapita. Bunge likaja, viwanja vikapimwa, chuo kikuu kikafunguliwa mwaka 2007, lakini mtumishi wa wizara aliendelea kuishi Dar na kuja huku na begi dogo. Kisha Julai 2016 Rais Magufuli akatoa kauli moja, kwamba serikali inahamia Dodoma, na mambo yakaporomoka kama gunia lililokatwa kamba: mwaka 2017 ile mamlaka ikavunjwa na kazi zake kwenda halmashauri, Aprili 2018 mji ukawa jiji, majengo ya wizara yakaota Mtumba, na mwaka 2024 treni ya umeme ikafika. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la jiji. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179.

Mwaka 1987 mwanafizikia Per Bak na wenzake wawili walieleza mambo ya namna hii kwa mfano wa rundo la mchanga. Unadondosha punje moja moja. Punje nyingi hazifanyi kitu. Moja inaangusha mteremko mzima, na ukiichunguza punje hiyo haina tofauti na nyingine. Nguvu haikuwa kwenye punje, ilikuwa imejilimbikiza kwenye rundo. Kauli ya 2016 isingefanya kazi ile bila viwanja, barabara na chuo vilivyorundikwa kimyakimya kwa miongo minne. Mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa akiangalia wageni wa mwezi uliopita hakuona kitu. Aliyekuwa akiangalia rundo alinunua kiwanja.

(Na mimi sikununua, kama unataka kujua.)

"Nyakati za misukosuko" maana yake nini hasa? Kuna wakati uliokuwa mtulivu?

Mwaka 1965 Fred Emery na Eric Trist waligawa mazingira ya mashirika katika aina nne. Ya kwanza ni tulivu, na ya mwisho waliiita ya misukosuko. Humo siyo tu kwamba washindani wako wanacheza, hata uwanja wenyewe unasogea chini ya miguu yenu nyote. Shirika linaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado likaanguka.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia Julai mosi shirika la misaada la USAID lilikuwa limefunga kazi zake. Nilipita kwenye ofisi moja hapa mjini mwezi Machi. Magari mawili yalikuwa chini ya bati, vumbi jekundu juu ya vioo, na mtoto wa mlinzi alikuwa ameandika jina lake kwa kidole kwenye mlango wenye nembo ya mradi. Ukaguzi wao wa hesabu ulikuwa safi miaka mitano mfululizo. Hawakukosea chochote ndani ya injini.

Si ndiyo maana tunahitaji mpango mkubwa, wa kina, wenye fedha za kutosha?

Jibu liko Kongwa, mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 likazuka wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, ujumbe ukatumwa, ukazunguka wiki chache, ukarudi na hesabu. Zaidi ya ekari milioni 3 zingesafishwa, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, serikali kubwa ilikuwa nyuma yao. Mpango ulikuwa wa kina kweli: mashine kadhaa, ekari kadhaa kwa siku, tani kadhaa kwa ekari.

Kisha vitu vikaanza kugusana. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, yakaanza kufa mapema. Spea zilipaswa kupita kwenye bandari iliyoelemewa na reli moja yenye kazi zake nyingine. Vichaka vya Kongwa vina mizizi inayokunja meno ya mashine. Kuchelewa kusafisha kukachelewesha kupanda, na hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 570 kwa mwaka wa kawaida. Ukikosa wiki zake hakuna nyingine. Kiangazi udongo wa pale hukauka ukawa kama sakafu, na karanga, tofauti na mtama, hukomaa chini ya ardhi. Hata iliyozaa ilikuwa kazi kuitoa. Januari 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa hasara.

Watu wanapenda kucheka wale mabwana kwa ujinga. Mimi sioni ujinga. Udongo ule ulijulikana na kila mzee wa Kigogo aliyewahi kuchimba shimo la nguzo Agosti. Mzee huyo huyo hakulaza ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine walikuwa kwa shemeji, kijiji kingine, ili ukame wa huku usiwamalize. Elimu ilikuwepo. Ila aliyeujua udongo hakuwa na sauti juu ya ekari, na mwenye sauti juu ya ekari alikuwa London akisoma karatasi iliyokatwa tarakimu. Zaidi ya hapo, walianza kwa ukubwa wa mwisho. Ekari mia kwa misimu miwili zingewaambia karibu yote waliyokuja kuambiwa kwa mamilioni.

Basi mpango mkakati wa miaka 5 tuutupe?

Usithubutu. Bajeti utaombea nini? Mkaguzi atakagua nini? Mtumishi wa umma atajaza nini kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wake?

Tenganisha tu. Mwaka 1999 Dave Snowden, akiwa IBM, alianza kutengeneza mchoro wa kusaidia jambo hilo, unaopanga mambo kuwa ya wazi, ya kitaalamu, changamano na ya vurugu kabisa. Mishahara, stoo, ukaguzi, mabomba ya maji: hayo yana jibu sahihi, mtafute fundi na umsimamie. Huko sitaki kusikia neno uchangamano. Mhasibu anayeniambia daftari la fedha ni changamano namtafutia mkaguzi. Lakini "vijana watapokeaje huduma yetu", "wakulima wataacha kuuza shambani", "wafanyakazi watakubalije kuhamia Dodoma", haya hayana jibu linalosubiri kugunduliwa. Kwa hayo andika kwenye mpango majaribio manne au matano madogo, kila moja dogo kiasi kwamba likifa hautaitwa kujieleza, na uandike pia tarehe ya kuliua. Tarehe ya kuua ndiyo sehemu ambayo watu hawaiandiki, na ndiyo maana miradi ya majaribio hapa nchini haifi, inazeeka.

Kujipanga wenyewe ina maana bosi hahitajiki?

Uliza mkulima wa uwele kuhusu kwelea kwelea. Wingu la ndege maelfu linageuka pamoja angani, linashuka shambani, linanyanyuka kabla debe halijapigwa mara ya pili. Hakuna kwelea mkuu anayetoa amri. Mwaka 1987 Craig Reynolds alionyesha kwenye kompyuta kwamba kundi la namna hiyo linaweza kutokana na kanuni tatu tu kwa kila ndege: usimgonge jirani, elekea wanakoelekea majirani, usiachwe mbali na wenzako. Basi.

Lakini angalia vizuri. Mtu aliziweka zile kanuni tatu. Ukibadilisha moja, kundi linatawanyika au linagongana. Kijiwe cha bodaboda kinaendeshwa hivyo hivyo: wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kupakia, mteja akimtaja mtu kwa jina ni wake, mgeni hapakii mpaka ajiandikishe. Mwenyekiti wa kijiwe hapangi safari hata moja, ila siku kanuni ya foleni ikivunjwa mara mbili bila adhabu, kijiwe kimekufa. Kazi ya bosi ni hiyo: kanuni chache, mipaka inayoonekana, na kuwepo siku mipaka inapojaribiwa. Kwa kweli ni kazi ngumu kuliko kutoa amri, na ndiyo maana wengi wanarudia amri.

Je, hii si sawa na kusema "Mungu akipenda"?

Anayesema hivyo kwa unyofu anakiri kwamba haijui kesho. Lorenz alifika hapo hapo kwa hesabu. Anayesema hivyo ili asilete ripoti kwa wakati ni suala jingine.

Bosi wangu anataka namba moja ya mwaka ujao. Nimpeje?

Mpe kama Mamlaka ya Hali ya Hewa wanavyotupa msimu. Hawasemi "Dodoma itapata milimita 563". Wanasema wastani hadi chini ya wastani, halafu wanatoa taarifa nyingine kadiri msimu unavyosogea. Watabiri wa leo, kwa sababu ya yale ya Lorenz, huendesha hesabu mara nyingi kwa mianzo inayotofautiana kidogo. Zikikaa pamoja wanasema kwa kujiamini. Zikitawanyika wanalegeza kauli.

Mtu mmoja alijaribu hivyo mbele yangu. "Mkurugenzi, mapato yatakuwa kati ya hapa na hapa, na tutaangalia tena mwezi wa tatu bei ya alizeti ikishajulikana." Mkurugenzi akamtazama juu ya miwani. "Mdogo wangu, mimi bodi itaniuliza namba." Akampa namba ya katikati. Sawa. Namba ipo bodini, masafa yapo kwenye daftari lake, na mwezi wa tatu upo kwenye kalenda. Kuna vita vya kupigana na vita vya kuacha.

Kwa nini makao makuu hayaoni matatizo yetu hata tukiandika?

Mwaka 1956 W. Ross Ashby aliandika kanuni ambayo mtu wa wilayani ataielewa haraka: anayetaka kumudu kitu chenye sura nyingi lazima naye awe na majibu ya sura nyingi. Makao makuu yana fomu moja. Wilaya ina vijiji, kila kimoja na kisima chake, mchungaji wake na ugomvi wake wa mpaka. Fomu itashindwa hata ikijazwa na malaika. Kuna njia mbili tu: ongeza macho juu, au shusha maamuzi chini. Ya pili ni nafuu na ndiyo inayoogopwa.

Tukichukua hatua kali mara moja, haisaidii?

Wakati mwingine inasaidia sana, na inahamisha tatizo. Kondoa, baada ya miaka ya kupambana na makorongo kupitia mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza mwaka 1973, mifugo iliondolewa mwaka 1979 kwenye eneo lililoharibika zaidi. Uoto ulirudi, na aliyeiona Kondoa ya awali anakiri. Lakini ng'ombe hakuyeyuka. Alikwenda kwa ndugu, kwenye ardhi ya jirani. Kabla ya hatua kali uliza: hiki ninachokifukuza kitalala wapi leo usiku?

Nadharia hii haina kasoro?

Inazo. Ya kwanza: vurugu ya kihisabati imethibitishwa kwenye milinganyo, kwenye vimiminika, kwenye hesabu za idadi ya wadudu ambazo Robert May alizichapisha mwaka 1976. Kwenye ofisi ya ardhi hakuna aliyeithibitisha. Tunaazima sura, si ushahidi, na mtu mwaminifu anasema hivyo mapema.

Ya pili: binadamu si kwelea. Ana kumbukumbu, ana chuki, ana mkopo wa benki. Ralph Stacey, mmoja wa waliopeleka mawazo haya kwenye uongozi, baadaye aliuacha hata mchoro wake mwenyewe uliompa jina, kwa sababu watu waliugeuza kuwa fomu.

Ya tatu ni ile inayonikera. "Ukingo wa vurugu", lile eneo kati ya utaratibu na fujo ambako eti ubunifu hustawi, limekuwa kisingizio cha viongozi kuwapangua watu kila baada ya miezi sita na kuita hiyo mbinu. Mtu asiyejua kama atalipwa Ijumaa habuni kitu. Anatafuta kazi.

Nina ofisi ya watu saba. Jumatatu nianze na nini?

Usiwaite semina. Chukua uamuzi mmoja mliofanya miezi mitatu iliyopita ambao haukwenda mlivyotarajia. Andika tarehe mbili: siku ambayo mtu yeyote wa ofisi, hata mfagizi, aliona dalili ya kwanza, na siku ambayo mwenye mamlaka ya kubadilisha aliambiwa. Hesabu siku katikati. Ofisi nyingi nilizopitia zinashtuka kwa namba hiyo kuliko kwa chochote nilichowahi kuwachorea ubaoni.

Halafu muulize kila mmoja, peke yake, anaona nini ambacho hakimo kwenye fomu. Mlinzi muulize wa kwanza. Kwenye ile ofisi yenye magari yaliyofunikwa vumbi nilimuuliza mlinzi lini alijua mambo yameharibika. Akaniambia ni Novemba, miezi miwili kabla ya amri: mgeni wa wafadhili aliyekuwa akija kila mwezi hakuja, na daftari la wageni lilikuwa na kurasa mbili zisizo na jina la mtu wa nje. Daftari analo, mezani, na kalamu imefungwa kwa uzi. Hakuna aliyewahi kumwomba alifungue.